Nikiuliza, darasa linanyamaza: jibu kwa mwalimu wa Ilemela

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili na Historia, Kidato cha Pili, katika sekondari ya kata huku Ilemela, Mwanza. Kwenye mafunzo kazini tulielezwa kuhusu mjadala wa Kisokrate, kwamba mwalimu aulize na wanafunzi wafikiri wenyewe kwa pamoja. Nimejaribu mara tatu. Nauliza swali, watoto 78 wanatulia kama maji mtungini. Wanaonyoosha mikono ni wale wale watatu. Mwishowe nasema jibu mwenyewe kwa sababu kengele inakaribia. Kwenye Historia ndiyo kabisa, Kiingereza kinawafunga midomo. Mwenzangu ofisini ananiambia niachane na mambo haya, watoto wa Kiafrika hawakulelewa kubishana na mkubwa. Je, njia hii inatufaa? Na kama inatufaa, nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye sentensi ile ile: "Mwishowe nasema jibu mwenyewe." Nadhani shida yako yote imejificha humo.

Hebu tazama jambo hili kwa macho ya mtoto wako. Tangu Darasa la Kwanza, swali la mwalimu limekuwa na maana moja tu kwake: mwalimu anajua, sasa anataka kuona nani anajua na nani hajui. Akipatia, anapigiwa makofi. Akikosea, anachekwa, pengine anasimamishwa mpaka mwenzake apatie. Miaka yote hiyo ndivyo ilivyokuwa. Leo unaingia darasani unamwuliza "haki ni nini?" Yeye hasikii swali, anasikia mtihani, na anaanza kulitafuta jibu usoni kwako. Ukivumilia kidogo halafu ukalitaja mwenyewe, umemthibitishia alichokishuku: jibu lilikuwa mfukoni mwa mwalimu muda wote, na aliyenyamaza hakupoteza chochote. Watoto wako si wazito. Wamekusoma vizuri. Wanajua wakitulia dakika mbili jibu litakuja lenyewe.

Kwa hiyo sharti la kwanza, ambalo bila hilo mengine yote ni bure: uliza swali ambalo wewe mwenyewe hujalimaliza. Sisemi swali gumu. Nasema swali ambalo ukilala nalo, kesho unaweza kuamka na mawazo mengine. Watoto wanatambua tofauti hiyo upesi kuliko tunavyodhani, kwa sauti tu.

Nirudi kidogo kwa huyo mzee mwenyewe, maana kwenye mafunzo jina lake hutajwa haraka na kuachwa. Socrates, mwanafalsafa wa kale ambaye njia hii inaitwa kwa jina lake, aliishi Athens huko Ugiriki, hakuandika kitabu hata kimoja, na tulicho nacho juu yake kwa sehemu kubwa kimetoka kwa Plato, mwanafunzi wake. Mwaka 399 kabla ya Kristo mji wake ulimhukumu kifo kwa mashtaka ya kuharibu vijana na kutoiheshimu miungu ya mji. Mama yake alikuwa mkunga, na Plato anamwonyesha Socrates akiifananisha kazi yake na ya mama yake: yeye hazai fikra, anawazalisha wengine. Mfano huu wa mkunga tunaupenda na tunaurudia. Nusu yake ya pili ndiyo tunayoisahau. Mkunga huyo, mtoto akishatoka, anamkagua kama ni mzima, kwa sababu fikra nyingine huzaliwa zikiwa yai viza. Kwa hiyo mwalimu anayemaliza mjadala kwa kusema "vizuri, kila mtu ana maoni yake, kaeni chini" ameifanya nusu ya kazi. Maoni yalikuwa yawekwe mezani ili yakaguliwe.

Hapo hapo nikutahadharishe. Kuna mazungumzo mashuhuri ambamo Socrates anamwita kijana mtumwa, asiyesoma hesabu, na kumchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la 4. Anamwuliza: mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, upande wake uwe na urefu gani? Kijana anajibu haraka: 4. Wanachora, linatoka eneo la 16. Anajaribu 3, linatoka 9. Sasa kijana amekwama na anakiri kwamba hajui, na Socrates anafurahi kuliko alivyofurahi mwanzo, kwa sababu mtu aliyejua kwamba hajui ndiye anayeweza kutafuta. Baadaye wanafika kwenye mstari unaokatiza mraba kona kwa kona, na mraba unaojengwa juu ya mstari huo ndio wenye eneo la 8. Mwambie mwenzako wa Hisabati aijaribu mchangani na kijiti, inapendeza sana. Lakini wewe usiichukue kama kielelezo cha mjadala wa kikundi. Sehemu ya mwisho ya mazungumzo yale mtumwa, ukiacha majibu mafupi ya hesabu, hasemi kitu zaidi ya "ndiyo" na "ndivyo ilivyo." Mwuliza anamvuta kama ng'ombe wa kamba. Walimu wengi wanaojiona wanafanya Usokrate wanaiga sehemu hiyo hasa: maswali kumi ya mfululizo, kila moja jibu lake ni ndiyo, na la kumi linatua pale pale mwalimu alipotaka tangu asubuhi.

Njia ninayokushauri mimi ilitengenezwa na Mjerumani mmoja, Leonard Nelson, aliyeitolea mhadhara huko Göttingen mwaka 1922, kisha ikaendelezwa na mwanafunzi wake Gustav Heckmann. Nelson alibadilisha jambo moja kubwa. Badala ya mzee mmoja mwerevu kuwahoji wengine, kikundi kinahojiana chenyewe. Mwalimu anashika uzi na kufunga mdomo, na maoni yake juu ya swali lenyewe hayasemi kabisa. Jambo la pili ni kwamba mazungumzo hayaanzii kwenye maana ya neno. Yanaanzia kwenye tukio moja la kweli alilolipitia mmoja wa waliokaa pale. Haya mawili ndiyo yaliyokosekana darasani kwako, kama nimeisoma barua yako sawasawa. Ukiuliza "haki ni nini" unamtupa mtoto katikati ya ziwa. Ukimwuliza "ni lini uliona watu wakigawana kitu, mtu akaondoka analia?" umemwacha ufukweni, ana pa kukanyaga.

Nikuonyeshe ilivyo ikifanyika, badala ya kukueleza tu. Niliwahi kukaa na Kidato cha Pili katika shule iliyo hatua chache kutoka kwenye mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Watoto 60 na kitu. Hatukubaki ndani, tulitoka tukakaa kwenye mawe nyuma ya madarasa, maana Mwanza mawe ni viti vya bure. Ubao mdogo tuliuegemeza kwenye jiwe. Swali lilikuwa: "Ni lini kugawana kunakuwa haki?" Nikaomba kila mmoja akumbuke tukio moja la kugawana aliloliona kwa macho yake, aliandike kwa mistari mitatu. Dakika tano, bila kuongea. Nikapita nikisoma mabegani. Nikaomba wanne wasome: shamba la urithi, ubwabwa wa msibani, zamu za kuchota maji bombani, na mgao wa wavuvi. Wakapiga kura, wakachagua la mwisho. Mvulana mwenye tukio lake akasimama.

"Kaka yangu anavua dagaa," alisema. "Usiku mmoja wa giza walienda watano na taa sita. Upepo ukavuma, taa moja ikazama. Asubuhi tajiri, mwenye mtumbwi, akauza dagaa, akatoa mafuta, akatoa na bei ya taa, kilichobaki ndiyo wakagawana. Kaka alirudi na elfu nne. Mama alisema ni dhuluma. Baba akasema ndiyo kazi."

Kwanza waliruhusiwa maswali ya tukio tu, maoni bado. Taa ilikuwa ya nani? Ya tajiri. Tajiri alikuwemo mtumbwini? Hapana. Walijua kwamba upepo utavuma? Mvulana hakujua. Hatua hii walimu wengi huiruka wakiona inapoteza muda, na mimi naona ndiyo inayowafungua watoto midomo, kwa sababu kuuliza kilichotokea hakumhitaji mtu awe na akili nyingi. Pale ndipo aliposema binti mmoja aliyekuwa amekaa mbali na wenzake, ambaye mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kumsikia akichangia. "Taa inafungwa kwenye kiboya kwa kamba," alisema. "Kamba ilikuwa mpya au imechakaa?" Vichwa vyote viligeuka. Kwao ni mwaloni, analijua jambo hili kuliko sisi wote, na mimi nikiwamo.

Baada ya hapo tukaingia kwenye swali lenyewe. Je, tajiri alitenda haki kukata bei ya taa?

"Si haki," alisema mvulana wa mbele. "Taa si yao."

Nikauliza: "Nani anaweza kusema alichosema mwenzetu, kwa maneno yake, mpaka mwenyewe akubali?"

Msichana mmoja akajaribu: "Anasema mtu asilipie kitu ambacho si chake."

Nikamgeukia mwenye hoja. "Ndivyo ulivyosema?"

Akakaa kidogo. "Hapana. Asilipie kitu ambacho si chake kama hakukosea."

Umeona? Hakuna aliyempinga. Kusikia tu maneno yake yakirudi kwa mdomo wa mwingine kulimfanya ayakague, akaongeza sharti ambalo hakuwa nalo dakika moja kabla. Ningeuliza mimi "na je, kama walikosea?" ningempokonya nafasi hiyo. Tuliandika sentensi yake ubaoni neno kwa neno, bila kuisahihisha.

Kisha mwingine akatupa jiwe: "Basi na hela za dagaa wasigawiwe, kwa sababu dagaa walivuliwa kwa taa ambazo si zao."

Kimya. Kimya kirefu, mwalimu. Nilikuwa na jibu la kumsaidia yule wa kwanza, lilinifika hadi ulimini. Nikatazama chini nikahesabu pumzi zangu. Zilikuwa kama saba hivi. Ndipo yule binti wa mwaloni akasema, polepole, kama anayejisemea: "Anagawiwa kwa sababu ametoa usiku wake. Tajiri katoa taa. Kila mtu katoa chake, na kila mtu anaweza kupoteza chake. Wao wakizama, tajiri anawalipia nini?"

Sitasahau jinsi walivyotulia. Ulikuwa utulivu tofauti na ule wa mtihani. Niliuliza tu: "Kwa hiyo sentensi yetu ya ubaoni isomekeje sasa?" Wakaanza kuibomoa na kuijenga upya. Wakafika hapa: anayechukua fungu kubwa la faida abebe fungu kubwa la hasara, isipokuwa hasara iliyoletwa na uzembe wa mtu. Tukaijaribu kwenye matukio yale mengine. Kwenye zamu za maji ilileta ugomvi, kwenye shamba la urithi haikuingia kabisa. Kengele ikalia. Hawakukubaliana, na walienda mapumziko wakiendelea kubishana.

Sasa nije kwenye watoto wako 78. Usijaribu kuzungumza na 78 kwa pamoja, haiwezekani na wala haikukusudiwa hivyo. Tengeneza duara la ndani la watoto 12 hadi 14, hao ndio wanaosema. Wengine wanakaa duara la nje, na kila mmoja ana kazi ya maandishi: wa upande huu anaandika sababu zilizotolewa, wa upande ule anaandika maswali ambayo hayakujibiwa, na wawili wanahesabu ni mara ngapi mtu alirudia hoja ya mwenzake kabla ya kutoa yake. Katikati ya kipindi simamisha. Waombe wa nje waseme walichokiona juu ya mazungumzo yenyewe: nani alikatizwa, wapi tulipotea njia, neno gani linatumika kwa maana mbili. Heckmann alilipa uzito mkubwa jambo hili la kuzungumza juu ya mazungumzo, na mimi nimeona darasa likikomaa kwa hilo kuliko kwa maswali yangu yote. Kisha badilisha, baadhi ya wa nje waingie ndani. Ndani ya wiki sita kila mtoto atakuwa ameingia walau mara moja. Omba uwekewe vipindi viwili vya mfululizo, dakika 80, kwa sababu 40 zinaisha kabla tukio halijaeleweka. Ukikosa, tukio lifanywe siku moja na mjadala siku ya pili.

Kuhusu kimya: jifunze kukivumilia kwa hesabu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kurudia, kumtaja mtoto mwingine au kujibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi wakajitokeza, na "sijui" zikapungua. Sekunde tatu! Hesabu kimoyomoyo kwa Kiswahili, taratibu, mpaka tano. Mara ya kwanza utaona kama umesimama mwaka mzima. Kuna kimya kingine pia, kile cha baada ya mtoto kujibu, na nacho kina thamani ile ile. Akimaliza, usiseme "vizuri sana" wala "hapana." Ukisema "vizuri sana" wengine wanajua mlango umefungwa, jibu limepatikana.

Wale watatu wako usiwanyamazishe kwa kuwaaibisha. Wape kazi inayohitaji akili yao: mmoja aandike ubaoni maneno ya wenzake kama yalivyo, mwingine aseme kila baada ya dakika kumi tumefika wapi. Mtoto anayependa kusema akifundishwa kubeba maneno ya wengine anageuka kuwa nguzo ya darasa.

Nije kwenye lugha, maana hapa nina msimamo. Kiswahili chako hakina tatizo hilo, kwa hiyo anzia huko, uzoefu ujengeke kwanza. Umewahi kuona jinsi methali zetu zinavyopingana? Haraka haraka haina baraka. Na papo hapo: ngoja ngoja huumiza matumbo. Ziandike zote mbili ubaoni, mtafute mtoto mwenye tukio ambalo aliharakisha au alingoja, mchambue tukio hilo mpaka darasa liweze kusema ni wakati gani hii inatawala na wakati gani ile. Ni somo la fasihi simulizi halali kabisa, lipo ndani ya mtaala, na hakuna atakayekuuliza unafanya nini.

Kwenye Historia lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na mtihani utakuja kwa Kiingereza, hilo silipingi. Ninachosema ni kwamba mtoto hawezi kutafuta wazo na kutafuta neno kwa wakati mmoja. Acha duara lizungumze Kiswahili mpaka wazo lisimame, kisha dakika kumi za mwisho kila mmoja aandike sentensi mbili za Kiingereza: ninachofikiri, na sababu yangu. Watasaidiana maneno. Nimeona insha zikibadilika kwa njia hii, kwa sababu mtoto anaingia kwenye Kiingereza akiwa na kitu cha kusema.

Na usikose mada. Chukua ule mkataba wa mwaka 1884 kati ya Carl Peters, Mjerumani aliyekuja kutafuta koloni, na chifu Mangungo wa Msovero. Kila mtoto wa Tanzania amelisikia jina la Mangungo likitumika kama tusi kwa mtu anayesaini ovyo. Usianze na Mangungo. Anza na swali: "Mtu akitia sahihi karatasi ambayo hakuielewa, amekubali?" Omba matukio yao. Watakuletea mkopo wa mama kwenye kikundi, fomu ya simu, karatasi aliyowekewa babu dole gumba. Mchague moja, mlichambue, mpate sentensi yenu. Ndipo umlete Mangungo na karatasi yake ya Kijerumani, na uwaulize kama sentensi yenu inamhukumu au inamtetea. Nakuhakikishia hawatalitumia tena jina lake kwa wepesi ule.

Mwenzako wa ofisini simpuuzi, maana anachokisema kina nusu ya ukweli. Watoto wetu wamelelewa kutomvunjia mkubwa heshima, na mimi sitaki walelewe vingine. Lakini kuhoji hoja na kumvunjia mtu heshima ni vitu viwili. Huku Usukumani wazee walikaa shikome, kwenye moto wa jioni, vijana pembeni wakisikiliza mashauri yakipimwa. Kweli, kijana hakuongoza mazungumzo. Ila alijifunza namna mtu mzima anavyompinga mwenzake: anaanza kwa kusema "nimemsikia ndugu yangu akisema hivi na hivi," anairudia hoja ile kwa haki, ndipo anaweka yake. Hiyo ndiyo kanuni ile ile niliyoitumia kwenye mawe. Nasi hatukuitoa Ujerumani, tulikuwa nayo, shule ndiyo iliyoiweka kando. Mwalimu Nyerere alilisema hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: kwamba elimu yetu imjengee kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kugeuza yasiyomfaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Mtu aliyedai hayo kwa watoto wa Kiafrika alikuwa Mwafrika, tena mwalimu wa darasani kabla ya kuwa kiongozi wa nchi.

Kwa hiyo wafundishe maneno ya adabu kabla ya maneno ya ubishi. "Naomba kutofautiana na mwenzangu." "Samahani mwalimu, hapo sijaelewa." "Nabadilisha nilichosema mwanzo." Hili la mwisho lishangilie kwa macho yako, ingawa nimekukataza kusifu majibu. Mtoto anayebadilisha mawazo mbele ya wenzake 77 bila kuchekwa amefanya jambo ambalo watu wazima wengi hatuwezi.

Mkuu wa shule akiulizia kelele, mkaribishe duara la nje, umpe karatasi na kazi ya kuhesabu kama wengine. Usimweleze kwa maneno.

Jambo moja nakuomba ulichunge sana. Matukio ya watoto ni mali yao, mengine yana kidonda. Ndiyo maana nasoma mabegani kabla ya kuomba mtu asome kwa sauti. Mtoto akiandika jambo la kupigwa nyumbani au kuguswa vibaya, hilo si la duara. Mfuate baadaye, faragha, na ulifikishe kwa mwalimu wa malezi. Hata mambo ya ziwa yana watu wake. Niliwahi kupendekeza swali la nyavu haramu, kama ni haki kokoro la mtu kuchomwa moto mbele yake, na sikujua kwamba mmoja wa waliokaa ndani baba yake alichomewa. Alijifunika uso kwa daftari. Nilisimamisha tukahamia tukio lingine, lakini ningeweza kumwepusha na hilo lote kwa kusoma mistari yake mitatu kwanza. Swali lenyewe ni zuri, na mtoto yule angeweza hata kutufundisha, kama angelichagua yeye.

Alama usitoe kwa kusema. Ukitoa, wale watatu watarudi na wale 75 watalala. Badala yake kila mtoto awe na ukurasa nyuma ya daftari: kabla ya mjadala anaandika anachofikiri, baada ya mjadala anaandika anachofikiri sasa na kilichomgeuza. Kusanya kumi kila wiki, usome, uwarudishie na swali moja tu pembeni kwa kalamu. Humo ndimo utakapowakuta wale wanaonyamaza. Wengine utawaona wamesafiri mbali kuliko wasemaji, wakiwa hawajafungua mdomo hata mara moja.

Na kengele ikilia kabla ya jibu, kama itakavyolia mara nyingi, jizuie na lile ulilozoea. Andika swali lilipofikia kwenye kona ya juu ya ubao, ulizungushie mstari, uchukue chaki zako uondoke. Mwambie tu wa zamu ya kufuta ubao kwamba kona ile asiiguse mpaka Alhamisi.